Mashine ya Marehemu Urbano

"Nyigu, Nyigu, huyu ni Mzinga. Unanipata?"

"Nakupata, Mzinga."

"Asali inapanda treni leo Itigi. Mwenyewe ana kibali cha wizara. Bila ushahidi usimguse. Kwisha."

Gasto Mughwai aliitupa simu ya redio kwenye kiti cha Land Rover, akatukana.

Kibali!

Voss, mzungu mwenye asali hiyo, aliingia Singida na hadithi tamu. Anakusanya mashine kongwe za kupimia mionzi, zile walizotembea nazo Waingereza miaka ya hamsini wakitafuta urani, azipeleke makumbusho kwao. Alizinunua Kilimatinde, akazinunua Manyoni, akafika hadi Mungaa. Watu walimcheka mzungu anayelipia vyuma vibovu. Gasto hakucheka. Voss alikuwa anahakikisha haibaki hata mashine moja ya kupima madebe yake ya asali.

Ndani ya madebe hayo mlikuwa na mawe ya urani. Aliyeyachimba ni Urbano, kaka yake Gasto. Shimo lilipomfukia Urbano, Voss alipakia mawe kwanza. Alipokumbuka kumfukua mtu, pumzi ilikuwa imeshakata.

Treni ikiondoka, mawe yamekwenda na muuaji amekwenda.

Mashine moja tu ilibaki. Waingereza walimwachia Urbano, mpagazi wao, na ilikuwa chini ya kitanda chake katika kijiji cha ujamaa cha Mitundu.

Gasto alikanyaga mafuta.

Mjane, Febronia, alisimama mlangoni asimpishe.

"Yule mzungu alikuja na hela zake hapa hapa msibani," alisema. "Nikamwambia matanga hayajaanuliwa, kitu cha marehemu hakitoki. Na wewe nakwambia hivyo hivyo, shemeji. Hata kuzika hukuja."

"Shemeji, treni inaondoka."

"Iondoke."

Baba mdogo Mughwai alitoka nyuma ya nyumba, wembe mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kaa chini unyolewe. Asiyenyolewa msiba harithi."

Mpelelezi mwenye bastola ya Walther PPK kiunoni akakaa kwenye mkeka kama mtoto. Nywele zilianguka mapajani. Mzee hakuwa na haraka hata kidogo, na Gasto alisaga meno mpaka taya likamuuma. Alimkasirikia Voss, akaikasirikia wizara, akajikasirikia mwenyewe. Mzee akanyunyiza maji, akasema maneno ya Kinyaturu na kulitaja jina la Urbano. Hapo machozi yakamtoka Gasto, hasira ikiwa pale pale.

"Sasa mashine ni yako," mzee alisema, akamfunika shuka la msiba.

Betri za mashine zilikuwa zimevuja. Gasto akachomoa za redio yake, akazifunga humo kwa waya. Kuanzia hapo Mzinga asingemsikia tena.

Itigi, treni ilikuwa inapumua moshi. Voss alisimama kando ya behewa akihesabu madebe. Wiki iliyopita walionana Kilimatinde uso kwa uso. Leo aliona kipara na shuka la msiba, akageukia pembeni bila kumtambua.

Gasto akapita karibu na madebe.

Tik.

Tik-tik.

Kisha mashine ikaalika chini ya shuka kama bisi kwenye kikaango.

Voss akageuka. "Hiyo mashine. Nilimwambia mjane ataje bei."

"Haiuzwi."

Mkono wa Voss ulizama ndani ya koti. Gasto alimshushia chuma kile kwenye kifundo cha mkono, bastola ikadondoka relini. Walther ikamgusa Voss paji la uso. Gasto alitaka kumpiga risasi. Alitaka sana.

"Ndugu Damiani," alimwita stesheni masta, "zuia treni. Na wewe, piga magoti. Fungua debe."

Voss akafungua. Asali ikang'aa.

"Fukua."

"Nipe hata kijiko..."

"Kwa mikono. Kaka yangu ulimwacha chini ukapakia mawe. Sasa mawe yatoe wewe."

Voss akafukua, asali mpaka viwikoni, na jiwe jeusi la kwanza likatoka mbele ya abiria wote. Damiani akaleta pingu kutoka Land Rover ya Gasto. Gasto hakushusha bastola mpaka debe la mwisho lilipokuwa tupu.

Ndipo akamfunga Voss pingu, akamkabidhi kwa Damiani, akaenda kwenye Land Rover, akazirudisha betri kwenye redio.

"Nyigu! Ulikuwa wapi? Kwa nini ulizima redio?"

"Nilikuwa nanyolewa," alisema Gasto.

Akazima tena, akaiweka mashine kwenye kiti cha pembeni, akaishika njia ya Mitundu.