Saa ya Kuzikwa Mama Marietha

Ilianza na harufu ya udongo mbichi. Loyce alipofungua chumba cha intaneti cha parokia, pale Manyoni, aliikuta imejaa humo ndani kana kwamba kaburi limechimbwa chini ya meza, na mvua za mwaka huo wa 2004 zilikuwa bado hazijaanza. Akafagia, akapiga deki kwa dawa. Haikutoka.

Moyoni aliijua. Wiki iliyopita walimzika Mama Marietha kule Kintinku. Mwanawe Clement, aliyeko London, alinyimwa ruhusa kazini, akaomba apige simu jeneza likiwa bado juu, amuage mama yake. Saa ya mazishi angeiona kwenye kalenda ya tovuti ya parokia. Loyce ndiye aliyeiandika: saa nane mchana. Kompyuta ikamuuliza, saa za nchi gani? Akapita bila kujibu. Shoga yake alikuwa anamsubiri nje. Basi tovuti ikazichukulia kuwa saa za Uingereza, zilizo nyuma ya zetu, na simu ya Clement ikaja kulia ng'ombe wakirudi zizini, kaburi limeshafukiwa.

"Ulaya imemla," alisema mzee Fabiano, kaka wa marehemu, mbele ya waombolezaji. Loyce aliinamisha uso.

Sasa, mchana kweupe, kiti cha pembeni kikalia kama kinapokaliwa na mtu mzima, na sauti kavu, kama ya mtu aliyemeza vumbi, ikamnong'oneza sikioni, "Mwanangu, Clementi hajapiga?" na Loyce akarudi nyuma hadi mlangoni, na ile sauti ikauliza tena, taratibu, bila hasira yoyote, na upole huo ukamchoma kwa aibu kuliko hofu yenyewe.

Akafunga chumba, akapanda basi hadi Kintinku, kwa mzee Fabiano.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Clement hana kosa. Ni... kompyuta ilikosea saa."

Fabiano alimtazama sana. Wakaenda makaburini na ndugu, wakampigia Clement, simu ikalazwa juu ya kaburi, spika imewashwa. Wakamsikia akilia, akiaga. Kisha akatulia, akawa anaitikia tu: "Ndiyo, mama. Naam, mama." Watu wakaanza kurudi nyuma.

Fabiano aliiokota simu, akaisikiliza, akampa Loyce. "Anakutaka wewe."

"Loyce," Clement alisema kwa shida, "mama anasema kompyuta haikukosea."