Maji Yaliyojisafisha Yenyewe

Dirishani kwa Nesta palikaa chupa ya maji ya bahari. Jirani yake Mwasiti, muuza vitenge hapo Tunduma, aliileta kwa treni kutoka Dar es Salaam, akasema ni ya kumwogeshea mtoto. Maji yalifika yakiwa ya kijani. Siku zilivyopita, ukijani ukaisha wote.

"Yamejisafisha yenyewe, dada," Nesta alimwambia Mwasiti. "Dawa ya hivyo si ya kuogea tu. Namnywesha."

Mwanawe Lusubilo alikuwa anaharisha tangu juzi. Macho yalikuwa yamedidimia, na akilia hatoi chozi. Nesta alikuwa roho juu.

"Kunywesha sikukwambia mimi," alisema Mwasiti. "Twende zahanati. Na chupa yako ibebe."

Muuguzi Teresia alimshughulikia mtoto kwanza.

"Chumvi ya bahari ingemkausha zaidi, ndugu yangu," alisema. "Tazama. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Sukari vijiko vya chai sita, visizidi ukingo. Chumvi nusu kijiko hicho hicho cha chai. Mpe kidogo kidogo."

Nesta akamnywesha, lakini ubishi haukumwisha. "Mbona maji yangu yametakata?"

Teresia akaweka tone la maji ya chupa ile chini ya hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo. Nesta akachungulia. Kiumbe mwenye umbo la yai alipita mbio, akijisukuma kwa mijeledi miwili myembamba kama nyuzi.

"Mwili wake wote ni seli moja," alieleza Teresia. "Doa lile ni kiini, ndicho kinachouongoza. Kile kidoa cha kijani ni mwani, mmea mdogo mno unaotia maji ukijani, ndio chakula chake."

Kiumbe akaukumbatia mwani kwa mwili wake. Ukazama ndani mzima mzima.

"Mwasiti, njoo uone, ameumeza!" Nesta aliita.

"Ameufungia kwenye kifuko, ausage humo," alisema Teresia. "Hao ndio waliomaliza ukijani wako. Maji hayakujisafisha, mwani umeliwa. Na vijidudu vya kuharisha ni vidogo kuliko hao. Kwa jicho utavionaje?"

Nesta akakumbuka maji ya kisima chao, meupe pe. Hakuwahi kuyachemsha.

Jioni Lusubilo alilia kwa hasira, machozi yakamtiririka. Nesta akayapangusa huku anacheka.

Siku hizi huchemsha maji yote ya kunywa. Lusubilo hulia akiambiwa asubiri yapoe. Mama yake humwacha alie, maana yale machozi anayapenda.