Mara Nne kwa Saa Nzima

Kila Jumamosi, fundi wa kuchomelea vyuma alifunga karakana yake akampeleka binti yake wa miaka kumi kwenye mpira. Kila Jumamosi alirudi sauti imemkauka, hasira zimempanda hadi utosini.

"Timu imefungwa tena!" alimwambia mkewe. "Na huyu wako anatembea uwanjani kama katumwa dukani! Nimepiga kelele, piga, kimbia! Wapi!"

"Kelele zako huwa nazisikia mpaka hapa jikoni," alijibu mkewe.

Binti alikuwa akivua viatu mlangoni. "Baba, nipige nini? Mpira wenyewe sikuuona."

Jirani yao, mwalimu wa michezo, alikuwa amekuja kuchukua baiskeli yake ambayo fundi aliiunga fremu. Akacheka. "Fundi, Jumamosi ijayo funga mdomo uhesabu. Mwanao anagusa mpira mara ngapi?"

Fundi aliudhika. Yeye ndiye wa kufundishwa kutazama mpira? Hata hivyo Jumamosi alikwenda na chaki, akachora alama kwenye benchi kila binti alipogusa mpira. Uwanja ulikuwa wa watu wazima. Watoto wawili wenye miili mikubwa walikimbia na mpira, wengine wakawafuata nyuma kama vifaranga. Watano wadogo hawakuingizwa kabisa. Saa nzima ikapita, alama nne.

"Nne!" alimfokea mwalimu aliyesimama kando. "Huku ndiko kufundisha?"

"Wewe ungejua kuchomelea kwa kushika mashine mara nne?" aliuliza mwalimu.

"Ningechoma nyumba."

"Basi. Watoto wetu ni kumi na sita. Tuchore viwanja viwili vidogo, wacheze wanne kwa wanne. Asikae mtu benchi. Na sisi wazazi tunyamaze, waamue wenyewe."

"Na kombe?"

"Kombe la watoto wa miaka kumi! Tunachagua wakubwa ili tushinde leo, wadogo wanakata tamaa wanaacha. Nchi kubwa ikipoteza watoto mia, ina maelfu wengine. Sisi wa nchi ndogo tuko wangapi, fundi? Akituponyoka mmoja, pengo halizibiki."

Fundi aliondoka akiwa amekereka zaidi. Jumatatu alikata mabomba chakavu akaunga magoli manne madogo, huku akinung'unika.

Mwanzo ulikuwa mchungu. Wazazi walilalamika kwamba huo ni mchezo wa chekechea. Timu jirani ikawafunga mabao sita. Fundi aliuma ulimi mpaka ukamuuma kweli.

Lakini mwaka ulipoisha, hakuna mtoto aliyekuwa ameacha. Sasa waligeuka na mpira, wakainua macho, wakapasiana. Wateuzi wa kituo cha taifa cha vijana walipokuja, waliondoka na majina mawili. Moja lilikuwa la mtoto mfupi ambaye zamani hakuingizwa hata dakika moja.

Jina la binti wa fundi halikuwemo.

"Hawa watu hawana macho?" fundi alianza kupandwa na hasira.

Binti akamvuta shati. "Baba, nina miaka kumi na moja tu. Niache nikacheze."

Akarudi uwanjani mbio, akaomba mpira. Akapewa.