Gogo Lililochacha Bila Hamira

Gogo lilianza kutokota siku ya pili, na ndani yake hamkuwa na kitu ila maji ya mvua.

Mama Kurariki alikuwa jikoni akimenya magimbi. Blup, akasikia. Akadhani ni kuku. Blup. Blup. Akaweka kisu chini, akaenda bandani, akafunua gunia lililofunika gogo. Maji meupe pe, na mapovu yanapanda mojamoja kutoka chini kabisa, kama pombe ya siku tatu. Akarudi ndani mbiombio kuangalia kabatini. Hamira ilikuwa kwenye kopo lake, haijafunguliwa.

"Paiere!" akamwita mumewe. "Umetia nini kwenye gogo?"

"Maji."

"Maji hayachachi, Baba Tepaeru."

"Basi ni utamu wa mti unatoka," akasema Paiere, na hakuinua macho. "Gogo jipya lazima lilowekwe wiki nzima, unajua."

Alijua. Kisiwa kizima cha Atiu kinajua. Pombe ya machungwa huchachia kwenye tumbo la mnazi, kwenye kile kisiki kinene cha chini kilichochongwa kikawa kama mzinga. La zamani la Paiere lilikuwa limeliwa na wadudu likavuja. Mkwe wao, Teokotai, akaleta pipa la plastiki, la buluu, zuri kweli machoni. Wazee wakaonja, wakatema. Ilikuwa na ladha ya sabuni.

"Plastiki haisahau ilichowahi kubeba," Paiere alisema siku ile. "Mnazi ndio msafi."

Akapotea siku mbili, akarudi na gogo juu ya toroli. Halina tundu la mdudu, ukiligonga linaitika.

"Umelikata wapi?" Kurariki akamuuliza.

"Pwani."

"Pwani kwa nani?"

"Wewe mwanamke, unataka kuliozesha hili gogo, au? Unatafuta ukoo wake wa nini?"

Alicheka, akageukia toroli. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka thelathini na minne alikuwa anamsimulia mkewe hata kuku aliyekutana naye njiani. Leo neno moja linamuuma. Kurariki akaliweka rohoni.

Wiki ileile Tepaeru, binti yao, mwenye mimba ya miezi saba, akaja kukaa kitini kwa uzito. "Mama, tangu gogo lije mtoto hachezi."

Wakaenda kwa nesi. Nesi akasikiliza sana, akasema moyo unapiga, warudi kila baada ya siku mbili. "Ila unapiga kwa mbali," akasema, "kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya jirani."

Wiki ya kuloweka ilipokwisha Paiere akatia machungwa na hamira, na pombe ilipoiva, Jumamosi alasiri, wanaume wakaja na vigoda vyao, wakaketi duara bandani. Paiere, mgawaji, akagonga ubavu wa gogo kwa kifuu. Kofia zikavuliwa, ikasaliwa sala. Kisha kifuu kikaanza kuzunguka kama kawaida, mtu mmoja anakipokea, anakimaliza kwa pumzi moja, anakirudisha kwa mgawaji. Wanywaji walikuwa saba.

"Paiere!" akasema Papa Tutai, mzee mmoja asiyejua kunyamaza. "Siku hizi umekuwa bahili? Kifuu kimenipita."

"Nimekupa."

"Umenipa mimi au mke wangu? Koo langu kavu kama ngozi ya ngoma!"

Wakacheka. Paiere akateka upya, akahesabu kwa sauti. Watu saba, vifuu vinane. Akarudia. Vinane.

"Kuna mwizi hapa," akasema mmoja. "Tutai anakunywa viwili halafu analia njaa."

"Mimi? Ninuse mdomo! Nuseni wote!"

Waliokuwa wakicheka sasa wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho, kila mmoja akichunga mikono ya mwenzake. Kurariki aliona kutoka mlango wa jikoni kitu ambacho wao, kwa kubishana, hawakukiona. Kati ya Tutai na jirani yake kulikuwa na nafasi ndogo, ya kutosha mtoto tu, ambayo hakuna aliyeiacha na hakuna aliyeikalia, na mkono wa mumewe, bila yeye mwenyewe kutazama, ulikuwa unanyooka mpaka pale, unatulia kidogo, halafu unarudi na kifuu kikavu kana kwamba kimerambwa, na katikati ya makelele yale yote akasikia, taratibu, bila haraka, mdomo unanyonya.

Harufu ikamfikia baadaye. Haikuwa ya machungwa. Ilikuwa harufu ya maziwa ya mama yaliyochachia kwenye nguo.

Jumatatu, Paiere alipokwenda shambani, Kurariki akamleta Mama Ngapoko, mjuzi wa majani na wa tupapaku, wale wafu wasiotulia. Bibi yule akaweka sikio kwenye gogo, akaweka na kiganja, kisha akakiondoa haraka kama mtu aliyegusa mwili uchi wa mgeni.

"Mnazi huu ni wa shamba la dada yangu," akasema polepole. "Rima."

"Rima aliyefia Rarotonga?"

"Huyohuyo. Aliniambia alipokuwa anakufa: kuna kitovu kilizikwa chini yake."

Kurariki akashika nguzo ya banda. Hata mtoto mdogo wa Atiu anajua kwamba hukati mnazi kabla hujauliza umepandwa juu ya kitovu cha nani. "Yesu wangu. Paiere hakuuliza!"

"Hakuuliza kwa sababu alikuwa anajua."

"Anajua nini? Rima hakuwa na mtoto."

"Muulize mumeo," akasema Ngapoko. "Lakini usimuulize chumbani. Muulize mbele ya duara. Mgeni akija kunywa anafanya nini kwanza?"

"Anasimama, anataja jina lake na watu wake."

"Huyu amekaa, amekunywa, na hakuna aliyemtaja. Asiyetajwa haondoki, mwanangu. Anatafuta pa kukaa."

Wakati ule Tepaeru alikuwa anatoka ndani, mkono mmoja tumboni. Mama Ngapoko akamtazama, akatazama pembeni.

Kurariki hakulala vizuri, wala hakula. Ijumaa duara lilipokaa tena, sala ilipokwisha, aliingia katikati ya wanaume na aproni yake, mahali ambapo hakuwahi kuingia tangu aolewe.

"Shemeji," akasema Tutai, "leo na wewe umebanwa na kiu?"

"Nyamaza, Tutai. Kuna mgeni hapa hajajitambulisha." Akanyoosha kidole kwenye ile nafasi. "Yeye hawezi kusema. Mgawaji amsemee. Paiere, huyu ni mtoto wa nani?"

Hakuna aliyecheka. Gogo likatokota, blup, blup.

"Ni... ni wa marehemu kaka yangu," Paiere akasema.

Gogo likanyamaza. Likanyamaza ghafla, hata wakasikia majani ya paa, na kimya kile kikakaa juu yao kama kifuniko, halafu ile harufu ya maziwa ikapanda, ikajaa banda, ikawaingia puani na kooni mpaka mmoja akatapika miguuni pake, na kutoka nyumbani ikaja sauti ya Tepaeru, si ya kulia bali ya mtu aliyeshikwa, "Mama! Tumbo limekuwa baridi! Mama, limekuwa baridi!"

"Sema, Paiere!" Kurariki akamshika kola. "Unamuua mjukuu wako kwa kuona haya?"

Paiere akavua kofia mara ya pili.

"Anaitwa Inangaro," akasema. "Mama yake Rima. Baba yake mimi. Mwaka ule ulipokwenda kumuuguza mama yako. Aliishi siku tisa. Mnazi niliupanda mwenyewe, usiku, nikamwapisha Rima asiseme." Akaangalia mikono yake. "Nilidhani mti nilioupanda mwenyewe sina haja ya kumuuliza mtu."

Akateka kifuu, akapiga magoti, akakiweka kwenye ile nafasi. Wakangoja. Pombe haikupungua. Povu ndani ya gogo likashuka, likaisha, na nyumbani Tepaeru akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Amepiga teke! Mama, njoo ushike!"

Kurariki akamwachia mumewe kola. Hakumtazama.

Siku ya pili wanaume wote saba walilibeba gogo mpaka pwani, wakalisimamisha kwenye shimo lake, wakalijaza udongo. Mama Ngapoko akasoma sala ya kwake. Kurariki hakumsemesha mumewe siku kumi na moja. Ya kumi na mbili akamwambia, "Lete kuni," na kwa mwezi mzima maneno yalikuwa hayohayo. Pombe ikarudi kwenye pipa la buluu. Ilinuka sabuni. Hata Tutai hakulalamika.

Mtoto alizaliwa asubuhi moja, machungwa yakiwa bado mtini. Wa kike, mzima, mapafu yenye nguvu. Kurariki akampokea, akamfuta, akaweka pua kwenye utosi wake, kama bibi yeyote.

Akaiondoa. Akaiweka tena.

Maganda ya machungwa. Na hamira.

Mtoto aliyekuwa analia akanyamaza papo hapo, kama anayesikiliza. Nje, bandani, lilikuwako lile pipa la plastiki, ambalo Kurariki alilisugua kwa mikono yake mwenyewe akaliacha limeinamishwa kichwa chini, tupu.

Blup.

Paiere alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, rangi imemtoka. Alikuwa amesikia.

"Mama," Tepaeru akauliza kutoka kitandani, amechoka, anatabasamu, "tumwite nani?"

Kurariki akamfunika mtoto vizuri, akampeleka kwa mama yake. Blup, likasema pipa. Blup.

"Muulize baba yako," akasema. "Jina lake yeye analijua. Alishalitaja bandani."