Injini Iliyotolewa Mto Kuja

Gari la Nicanor lilikataa kutulia. Mambo yalianza hivyo tu, wajukuu zangu, na kitu kidogo, kule Homa Bay, miaka ya kwanza ya uhuru.

Nicanor alikuwa fundi. Alikata mbele ya gari lake dogo, akatia injini kubwa ya pikapu. Likienda, linaenda vizuri. Likisimama, linanguruma juu, kama kuna mguu umekanyaga mafuta. Akainama na bisibisi, akalegeza skrubu ya kabureta. Mngurumo ukashuka. Jikoni, mkewe Rispa akaangusha mwiko, akashika kifua.

"Wuon Rael! Baba Rael! Pumzi... pumzi yangu!"

Nicanor akakaza skrubu. Mngurumo ukapanda, na Rispa akavuta hewa.

"Sasa unaogopa kelele?" akamcheka. Akalegeza tena. Rispa akapiga magoti. Hapo hakucheka.

Moshi ulinuka matope ya mto. Zilpah, mamake Nicanor, akaja ameziba pua na leso.

"Injini ulitoa wapi?"

"Migori. Pikapu ya Japheth."

"Japheth aliyezama nayo mto Kuja juzi? Watu wake wameshapeleka ng'ombe na mikuki kufukuza kifo?"

"Bado. Shemeji yake aliyeniuzia alikuwa na haraka. Mama, hayo ni ya wazee."

"Hicho ni kichwa ama debe? Umeng'oa kitu cha maiti na mwenyewe bado amekikalia!"

Nicanor akazima ufunguo. Injini ikaendelea. Akang'oa waya za betri. Ikaendelea. Ndipo Rispa akafungua mdomo, na sauti ikatoka, nzito, ya mwanamume, imejaa maji.

"Shusha tena, fundi. Shusha, tuone nani atazimika kwanza."

"Yawa," Zilpah akanong'ona. "Jachien. Jini la aliyekufa vibaya. Usiguse kitu."

Mchana huohuo akaita wanaume wa boma, wakaja na fahali na mikuki na matawi usoni, wakalizunguka gari wakiimba, wakilidunga mabati, wakilitukana, na injini nayo ikapanda, ikapanda, ikalia mpaka kuku wakatoroka, na kifua cha Rispa kule mlangoni kikapanda nayo, mbiombio, macho yamegeuka meupe, Nicanor akimshika mabega na kulia, "Muache, nichukue mimi, mimi ndiye nilinunua," mpaka fahali wakatimua kuelekea mpakani mwa kijiji, wanaume nyuma yao wakipiga kelele, na injini ikakata.

Kimya.

Rispa akapumua. Polepole, vizuri kabisa. Nicanor akamkumbatia akimshukuru Mungu, na Zilpah akakaa chini.

Rispa akajipangusa mdomo. Akawatazama mmoja mmoja, kama mgeni anayetazama nyumba ya watu.

"Wameenda na ng'ombe wao?" akauliza kwa ile sauti ya maji. "Vizuri. Kule kwenye chuma kulikuwa kumenibana. Sasa nipelekeni Migori. Mke wangu ananingoja."