Posho ya Mwenzi

Tone la rangi ya bluu lilimwangukia Bi Maji begani saa tatu asubuhi, katikati ya foleni, kwenye ukumbi wa baraza la mji ambako watu zaidi ya arobaini walikuwa wakisubiri vyeti na leseni. Gauni lake lilikuwa jeupe, na ndiyo kwanza alikuwa akilivaa. Akainua uso. Juu ya ngazi alisimama mwanamume mwembamba, brashi mkononi, ovaroli yake imetapakaa kila rangi iliyowahi kuuzwa dukani.

"Samahani sana, dada. Usilisugue. Ukilisugua litaingia ndani."

"Na nisipolisugua?"

"Nitalitoa mimi. Ngoja nishuke."

"Yaani univue gauni hapa mbele za watu?"

Foleni nzima ikacheka. Fundi alishuka, akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akalitoa lile tone taratibu kama anayemfuta mtoto uso.

"Sasa unanuka mafuta ya taa," alisema. "Lakini umependeza."

Watu walimwita Brashi. Hakuna bango la duka mjini ambalo hakuliandika yeye. Bi Maji alikuwa mkuu wa idara ya maji, miaka thelathini na minne, hajaolewa, ulimi wake hauna breki. Jina lile mji ulimpa kwa heshima, isipokuwa siku mabomba yakikauka.

"Unaandika nini hapo juu?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mishahara na marupurupu ya wakubwa wa mji. Sheria imepita, hakuna kuficha tena. Kila mwenye cheo na anachokula."

"Sheria hiyo niliipigania mimi miaka miwili vikaoni."

"Basi leo imekulipa kwa rangi," alisema Brashi, na Bi Maji akacheka mpaka akapoteza nafasi yake kwenye foleni.

Mapenzi hayaombi ruhusa. Wiki haijaisha, simu zikawa hazikauki.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe uko juu au chini?"

"Niko juu ya ngazi, simu nimeibana kwa bega. Nikianguka, wewe ndiye uliyeniua."

"Basi kata simu."

"Kata wewe."

Hakuna aliyekata. Jumapili walikaa kwenye benchi la bustani, Brashi kavaa shati lililopigwa pasi mpaka linakata, akamuuliza waziwazi kama ana mtu.

"Sina mtu," alisema Bi Maji.

"Nije kwenu lini?"

"Nyumbani subiri kidogo. Kuna mtu wa kumwandaa kwanza."

Brashi aliridhika. Alirudi kwake akipiga mluzi.

Jumatano mhasibu alimletea orodha ya kuandika, yenye sahihi na muhuri. Alipofika mstari wa idara ya maji, Brashi alisoma: mshahara, nyumba ya ofisi, gari, simu, posho ya mwenzi. Alisoma mara tatu. Posho ya mwenzi. Akakumbuka yule mtu wa kuandaliwa nyumbani. Alizima simu, akaanza na idara ya afya.

Bi Maji alipiga mara kumi na moja. Kwake jibu lilikuwa moja tu: Brashi ameona mshahara wake, mara tisa ya anachopata yeye, akatimua mbio.

"Wanaume ndivyo walivyo, Mama Mdogo," alimwambia dada mdogo wa mama yake, aliyekuwa akiishi naye. "Tarakimu tu zinawatoa jasho."

"Anayekimbia tarakimu mwache akimbie, mwanangu. Lakini muulize kwanza. Pengine anaumwa jino."

Kabla hajapata nafasi ya kumuuliza, Alhamisi asubuhi Mkurugenzi wa mji alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Una posho ya mwenzi, Bi Maji. Miaka kumi na moja. Mwenzi yupi?"

Bi Maji aliisoma karatasi aliyosukumiwa mezani. Kwenye hati yake ya mshahara iliandikwa 'posho namba saba' tu, na siku zote alidhani ni ya usafiri. Hakuwahi kuuliza.

"Usiogope," alisema Mkurugenzi kwa sauti ya upole, upole ule wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mstari wako tutaufuta kabla haujafika ukutani. Na mimi ninayo mistari yangu miwili mitatu isiyo na haja ya kuwachosha wananchi. Wewe nyamaza, na mimi ninyamaze."

"Nisiponyamaza?"

"Utakuwa mwizi kwa herufi kubwa. Na kazi huna."

Bi Maji alitoka bila kuaga, akateremka ngazi hadi ukumbini. Brashi alikuwa juu, amempa mgongo.

"Shuka."

"Nina kazi, mheshimiwa."

"Mheshimiwa? Jumapili nilikuwa kipenzi."

"Jumapili sikuwa nimesoma."

"Najua ulichosoma. Umeona mshahara wangu, ukaogopa kuitwa mume wa kulishwa."

Brashi alishuka haraka. "Mshahara? Hata ungekuwa mara mia ningekuomba uninunulie ngazi mpya. Mumeo yuko wapi?"

"Mume gani?"

Brashi alitoa orodha mfukoni, akaweka kidole. "Huyu hapa. Anayelipiwa posho na mji mzima."

Bi Maji alicheka mpaka akakaa juu ya kopo la rangi, na kicheko kikageuka kilio. "Huyo ni mama mdogo."

"Mama mdogo?"

"Siku ya kwanza kazini fomu iliniuliza, 'Je, unaishi na mwenzi?' Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mama yangu amefariki, nyumbani tupo wawili tu, tunakula pamoja, tunaugua pamoja. Ni nani mwenzangu kama si yeye? Nikaandika ndiyo. Hawakuuliza jina."

"Na mtu wa kuandaliwa?"

"Ndiye huyohuyo. Hapendi mgeni wa kushtukiza."

Brashi aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Nilipaswa kupokea simu."

"Ulipaswa. Kumi na moja."

Akamweleza aliyoambiwa na Mkurugenzi. Brashi aliutazama ukuta, akamtazama yeye.

"Ukitaka niuruke mstari wako, nitauruka. Nakupenda wewe, ukuta si ndugu yangu."

Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Bi Maji aliwaza nyumba ya ofisi ambamo mama mdogo amepanda maua, aliwaza aibu, aliwaza Jumatatu bila kazi.

"Ukiuruka wangu, utauruka na wake," alisema hatimaye. "Baada ya hapo utakuwa umetupakia ukuta rangi tu, basi. Andika."

"Watakutukana."

"Watanitukana kwa jambo la kweli. Chini yake andika: haikustahili, inarudishwa yote."

"Herufi za ukubwa gani?"

"Sawa na za wengine."

Mchana Mkurugenzi alimtaka Brashi aache mistari fulani. "Karatasi niliyopewa ina sahihi na muhuri," alijibu fundi. "Niletee nyingine yenye sahihi na muhuri, nitaandika hiyo." Mhasibu alikataa kutia sahihi ya pili. Ukutani zikapanda nyumba mbili na magari matatu ya Mkurugenzi, kwa bluu.

Ijumaa asubuhi watu walijaa mpaka nje. Mkurugenzi alikuwa na udhuru. Bi Maji alisimama chini ya mstari wake, gauni la kijani, kilemba cha kijani, mikono ameifumbata.

"Wewe ndiye uliyekula posho ya mume hewa?" aliuliza kinyozi mmoja.

"Ndiye mimi. Nilijaza fomu vibaya, na sikuuliza nilipopaswa kuuliza. Nitakatwa kila mwezi kwenye mshahara huo mnaouona."

"Tukuamini kwa lipi?"

"Msiniamini. Njooni kila mwezi msome."

"Na kazi?" aliuliza mzee mmoja.

"Baraza litaamua Jumatatu. Mpaka waniambie nisije, nitakuja."

Wapo waliozomea. Yupo aliyetema mate sakafuni. Lakini walibaki, na maswali yakaendelea saa nzima: mafuta ya gari hulipiwa na nani, simu anampigia nani, nyumba ina vyumba vingapi. Alijibu yote bila kupunguza.

Mwishowe mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanyoosha kidole pembeni, alikokuwa amesimama Brashi, kucha zina bluu, mkoba wa Bi Maji kwapani tangu asubuhi.

"Na huyu aliyekushikia mkoba, naye ni marupurupu?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Brashi hakucheka.

"Mimi sina cheo, mama. Ni mchumba wake."

Hawakuwa wamewahi kulizungumza. Bi Maji aligeuka akamtazama. Brashi alikuwa amekodoa macho, kama mtu aliyeshtuliwa na maneno yake mwenyewe.

"Ni kweli?" aliuliza yule mama.

Watu wakasogea karibu.

"Ni kweli," alisema Bi Maji. Akaugeukia ukumbi. "Haya. Swali lingine."