Fundi wa Viraka wa Merrylands

Mfuko wa sare ya Kendi ulichanika mbele ya kadamnasi, katikati ya msongamano wa Jumamosi kwenye maduka ya Merrylands, huko ughaibuni. Alikuwa ametoka shifti katika nyumba ya wazee, kompyuta yake kuukuu kifuani, akisubiri kwenye foleni ya fundi. Waya wa chaja ukanasa mfukoni, akauvuta, kitambaa kikaachia.

"Simama hivyo hivyo, dada," sauti ikasema nyuma yake. "Ukivuta, itazidi."

Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, jinzi yenye kiraka cha kitenge cha manjano gotini. Chini ya ukosi alikuwa amechomeka sindano yenye uzi tayari. Akaushona mfuko palepale, Kendi akiona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Fundi wa kompyuta hakuhangaika hata kuiwasha. "Hii ni ya miaka kumi na moja," alisema kwa Kiingereza. "Itupe, ununue mpya."

Foleni nzima ilisikia. Kendi akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Bado inawaka?" yule kijana akamuuliza.

"Inawaka, lakini chai huchemka na kunyweka kabla haijafunguka."

"Basi haiyakufa. Mimi naitwa Aksanti. Niko mtu wa Bukavu."

"Kendi, wa Meru," akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Hapo ndipo mapenzi yalipoanzia. Aksanti alikuwa akipakia mizigo katika ghala moja Ingleburn. Jumamosi alikaa kwenye ukumbi wa jamii wa Merrylands akiwashonea watu nguo bure, ufundi aliorithi kwa mama yake katika kambi ya wakimbizi. Akamfundisha na Kendi.

Kendi alisomea uuguzi kwa mtandao, na kompyuta ile ilimtesa. Betri ilishakufa, feni ilivuma, mhadhara uliganda kila baada ya dakika chache. Zamani alilia. Sasa ikiganda, alichukua soksi, sare, au blauzi ya Njeri, rafiki aliyeishi naye Doonside, akashona. Aliona tundu likizibika uzi juu ya uzi, na moyo ukatulia. Wakati mwingine mhadhara ulirudi akiwa hataki kuiweka sindano chini.

"Umeshona nini leo, chérie?" Aksanti alimpigia simu kila mapumziko.

"Kwapa la blauzi. Mshono unapepesuka kama mlevi!"

"Mlevi naye anafikaka nyumbani. Endelea, mupenzi."

Jumapili moja baada ya ibada walikuwa wakiongea kwa video kwenye kompyuta ile, picha ikaganda. Kendi akadhani simu imekatika. Akamgeukia Njeri, aliyekuwa kitandani akipaka kucha rangi.

"Ni yule wa viraka?" Njeri akacheka. "Na utamleta kwa sherehe yangu ya mahafali? Kutakuwa na madaktari, ujue."

"Wewe! Nimlete na ile suruali? Huyo ni fundi wangu tu. Si mtu wa kuonyesha watu."

Wakacheka wote wawili. Ndipo sauti ikatoka kwenye kompyuta, polepole.

"Kendi, ni picha tu imesimama. Mimi niko nakusikia."

Kisha akakata.

Kendi hakujua auweke wapi uso wake. Aliandika, "Ulinisikia vibaya," akafuta, maana alijua alisikika vizuri. Wiki mbili zikapita bila simu ya mapumziko. Mhadhara ukiganda, alikaa tu akiitazama mikono yake.

Jumamosi ya tatu, siku yenyewe ya sherehe ya Njeri, alienda ukumbini. Wanawake walikuwa wamejaa na sare za shule za watoto wao. Aksanti alikuwa akikunja pindo la gauni, amevaa suruali mpya yenye mikunjo ya dukani.

"Karibu, dada. Umeleta nguo gani?"

Neno lile "dada" lilimchoma. "Sina nguo. Nimekuja kuomba msamaha."

"Yale maneno yalikuwa mzaha?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo.

"Hapana. Nilikuonea aibu. Sasa najionea aibu mimi mwenyewe, na hii ndiyo inayonistahili."

Aksanti akapiga mishono mitatu. "Ile suruali niliipenda sana. Tangu siku ile sijaivaa."

Kendi akavuta kiti, akachukua sare kutoka kwenye rundo, akaanza kushona. Saa nzima ilipita hivyo, kisha simu yake ikalia. Alikuwa Njeri. Kendi akaiweka kwenye spika.

"Uko wapi, msichana? Wageni wameanza kufika!"

"Niko Merrylands na Aksanti. Nilimdharau mbele yako, Njeri, kwa hivyo sikia na hili: akikubali, nakuja naye, na avae anachotaka. Ni mchumba wangu."

Akakata simu. Aksanti akatoa uzi mdomoni.

"Mchumba? Nani alikuposa?"

Aibu ikampanda Kendi tena, ila safari hii hakuinamisha uso.

"Hakuna. Nangoja."

"Utangoja. Hasira ingali ndani yangu." Akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. "Lakini ngojea hapa, karibu na mimi."